Mpinzani wa bei chee kutoka Wuhan ataziangusha hisa za SanDisk? Dada yangu anataka jibu

Mnara wa Saa (mleta uzi)

Wakuu habari za saa hizi, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina duka la vifaa vya kompyuta hapa Arusha, Mtaa wa Sokoine. Nauza flashi, memori kadi, SSD, diski za kamera za ulinzi na vikorokoro vingine. Dada yangu yuko Minnesota, ni nesi, na kila mshahara ukitoka anatenga kidogo ananunua hisa. Ana hisa za Seagate, watengenezaji wa diski za kompyuta za kuzunguka (hard disk), za siku nyingi. Mwaka 2025, SanDisk, ile ya memori kadi na SSD, ilipotenganishwa na Western Digital mwezi Februari na kurudi kwenye soko la hisa la Nasdaq kwa jina lake yenyewe, akanunua na hizo. Zikapanda mara kadhaa kabla mwaka haujaisha, mpaka sasa zimekuwa sehemu kubwa ya akiba yake yote. Juzi kanipigia simu, kasikia kazini kwamba kuna kampuni ya China inaitwa YMTC inatengeneza chipu zilezile na inauza bei ya kutupa. "Wewe ndiye unayeshinda na hivi vitu dukani. Niambie, niuze au nitulie?"

Sikumjibu palepale. Hiyo ni hela ya uzee wake, si ya kujibiwa kwa hisia. Nimefuatilia, nina msimamo, nauleta hapa muuchambue.

SanDisk ilianzishwa 1988 na Eli Harari na wenzake wawili. Western Digital waliinunua 2016, na sasa imerudi kusimama peke yake. Inategemea flashi tu, yaani zile chipu za kuhifadhi data zinazokaa ndani ya memori kadi, SSD na simu. Chipu zake zinatoka kwenye viwanda inavyoshirikiana na Kioxia, iliyokuwa idara ya chipu ya Toshiba, huko Yokkaichi na Kitakami nchini Japani. Kwa hiyo bei ya flashi duniani ikipanda, SanDisk inapanda nayo mzimamzima. Ikishuka, haina biashara nyingine ya kujishikiza.

Na flashi ikishafungwa ndani ya simu au seva haina jina tena. Mwenye simu hajui kama picha zake zimelala kwenye chipu ya Samsung, ya SK Hynix au ya Kioxia. Ni kama gunia la mahindi la Kiteto na gunia la Babati yakishafika Soko la Kilombero: bei ni ya soko, si ya mkulima.

Sasa huyo mpinzani. YMTC ilianzishwa 2016 mjini Wuhan, na nyuma yake kuna fedha za serikali ya China, za taifa na za mkoa. Msidhani ni watu wa kubahatisha. Mwaka 2022 walishatoa chipu ya tabaka 232 (sehemu za kuhifadhi data zinapangwa juu kwa juu kama ghorofa), mwaka uleule Micron ya Marekani nayo ilipotoa ya kwake ya tabaka 232. Kwenye ubora hawako mbali na wakubwa.

Msimamo wangu ni huu: YMTC haitamnyang'anya SanDisk wateja wake wakubwa wa Marekani, kwa sababu mlango huo umefungwa kisheria. Kinachoweza kumuumiza dada yangu ni YMTC kuongeza mzigo sokoni mpaka bei ya kila mtu ishuke. Hayo ni mambo mawili tofauti, na watu wengi wanayachanganya.

Karibuni.

Chalii wa Sakina

Auze kesho asubuhi. Mchina akiamua kuingia kwenye kitu, faida ya wengine imekwisha. Taa za sola, TV, simu, tumeyaona yote kwa macho yetu. Hao wa Japani na Marekani wana wanahisa wanaodai faida kila baada ya miezi mitatu. Yule wa Wuhan anaweza kukaa miaka na hasara na hakuna wa kumgombeza.

Mpiga Picha Meru

Naweka kambi hapa. Ila swali kwa mleta uzi: kama kuna mtu anauza chee, mbona memori kadi zenu hapo mjini zimepanda? Msimu huu nimenunua kadi za safari kwa bei iliyonitoa jasho.

Mnara wa Saa

@Mpiga Picha, pole sana kaka. Zimepanda kwetu pia tunakonunua. Makampuni makubwa ya Marekani yanajenga vituo vya data vya akili bandia, na vinameza chipu za kumbukumbu za kila aina. Kiwanda kinachotengeneza chipu kinaangalia nani analipa vizuri na nani anachukua mzigo mkubwa kwa mkupuo. Sisi wa reja reja tunapata kinachobaki. Desemba 2025 Micron walitangaza kwamba wanaachana kabisa na Crucial, ile chapa yao ya SSD na RAM za watu wa kawaida, ili nguvu iende kwa wateja wakubwa. Crucial nimeiuza tangu nafungua duka, na wateja waliiamini. Habari ile ilinifundisha kuliko ripoti yoyote: mteja wa dukani si ndiye anayeshikilia bei ya hisa hizi.

Fundi Kiboriloni

Nichangie kutoka Moshi, kwa upande wa meza ya fundi.

Watu wakisikia "flashi ya bei chee ya Kichina" wanafikiria zile SSD za nje za terabaiti nyingi zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Wiki iliyopita mama mmoja mwenye studio ya picha za harusi kaniletea ya namna hiyo. Picha za harusi tatu hazifunguki. Kasha zuri, la chuma, limeandikwa 2TB. Nimelifungua mbele yake. Ndani kuna kibao kidogo cha kijani, na juu yake imechomekwa memori kadi ndogo ya simu, imegandishwa kwa gundi ya moto, na kipande cha chuma kimewekwa pembeni ili kasha liwe zito mkononi. Nilipoipima kwa programu ya H2testw, ilikuwa inapokea data mpaka gigabaiti 60 hivi, halafu inaandika juu ya zilizotangulia bila kutoa onyo lolote. Picha za harusi ya kwanza zilikuwa zimefutwa na za tatu. Yule mama alikaa kwenye benchi bila kusema kitu, na bwana harusi alikuwa anapiga simu.

Huo ni wizi, na hauna uhusiano na YMTC. Chipu halisi za YMTC zipo mjini hapa, ndani ya SSD za bei nafuu zenye majina ambayo hamjawahi kuyasikia. Nimezifungua nyingi, nikasoma kilichoandikwa kwenye chipu. Zinafanya kazi vizuri, nazirudisha kwa mteja bila wasiwasi. Kwa hiyo nakubaliana na mleta uzi kwamba jamaa ni mshindani wa kweli. Nilitaka tu tusiwaweke kapu moja na matapeli.

Mpiga Picha Meru

Fundi umenitisha. Hiyo H2testw naipata wapi?

Fundi Kiboriloni

Ni ya bure, inakaa kwenye Windows. Inajaza diski yote halafu inasoma tena kuhakiki. Kwa Linux na Mac kuna F3. Pima kadi mpya kabla hujaipeleka Serengeti, usipime ukisharudi.

Mangi Mtafiti

Kuhusu mlango uliofungwa, niongeze nyama kidogo.

Mwaka 2022 iliripotiwa kwamba Apple walikuwa mbioni kuanza kutumia chipu za YMTC kwenye iPhone. Wanasiasa wa Washington wakaja juu, Apple wakaachana nao. Oktoba mwaka huohuo serikali ya Marekani ikaweka masharti ya kuzuia mashine za kutengenezea chipu za flashi za tabaka 128 na kuendelea zisiende viwanda vya China. Desemba ikaiingiza YMTC kwenye orodha ya kampuni ambazo huwezi kuziuzia teknolojia ya Marekani bila kibali maalumu. Januari 2024 wizara ya ulinzi nayo ikaiweka kwenye orodha yake ya kampuni inazosema zina uhusiano na jeshi la China.

Kwa hiyo kuna kuta mbili: ya kuzuia asinunue mashine, na ya kuwatisha wateja wakubwa wasinunue kwake. Ya pili ndiyo inayomlinda SanDisk leo. Ya kwanza inamchelewesha tu mpinzani, kwa sababu China nayo inatengeneza mashine zake na kila mwaka inasogea.

Na YMTC hajakaa kimya kama anayesubiri huruma. Novemba 2023 aliishtaki Micron huko California kwamba imetumia hataza zake, yaani haki za uvumbuzi wake. Kampuni inayoiga tu haiendi kushtaki ugenini.

Chalii wa Sakina

Ukuta wa siasa unajengwa na kubomolewa na wanasiasa. Rais akibadilika au akiamka vibaya, wamekubaliana biashara, ukuta haupo. Utaweka hela ya uzee kwenye ukuta wa namna hiyo?

Mangi Mtafiti

Hoja ya msingi, chalii. Sina cha kupinga hapo.

Mzee wa Machame

Wanangu hamjambo. Nimesoma toka juu. Nataka niwarudishe nyuma kidogo, maana swali hili niliwahi kulisikia likiulizwa kuhusu kampuni nyingine, miaka ya tisini.

Nilikuwa kwenye uchapaji hapa Arusha. Vipeperushi vya kampuni za utalii tulivipanga hapa, halafu filamu zikatolewe Nairobi. Picha moja ya rangi ilikuwa haiingii kwenye diski laini, ile ya megabaiti 1.44. Ikaja kampuni ya Iomega kutoka mji wa Roy, jimbo la Utah, na kitu kinaitwa Zip. Diski moja megabaiti 100. Kwa wakati ule ilikuwa kama muujiza. Kifaa chake Marekani kilianza kuuzwa 1995 kwa dola 199, na diski moja karibu dola 20. Tukawa tunafunga diski za Zip kwenye bahasha ngumu, tunampa kondakta wa basi la Nairobi, jioni mwenzetu anazipokea kule. Ikipotea bahasha moja, kazi ya wiki imekwenda.

Hisa za Iomega zilipaa 1995 na 1996 kuliko karibu kampuni yoyote. Watu wa kawaida Marekani walizinunua kwa fujo, na kila siku swali lilikuwa moja: je, SyQuest atawamaliza? SyQuest ya Fremont, California, ndiyo iliyokuwa mkubwa wa diski za kuchomoa kabla ya Zip. Walijibu kwa kifaa chao EZ135, megabaiti 135, kikubwa kuliko Zip, chenye kasi zaidi, halafu wakaanza kukishusha bei. Baadaye, 1998, wakatoa SparQ: gigabaiti moja, kifaa dola 199, na diski za bei ya chini mno ukilinganisha na zile za Jaz, kifaa kikubwa zaidi cha Iomega. Kule Ufaransa nako kampuni ya Nomai ikaanza kutengeneza diski za bei nafuu zinazoingia kwenye kifaa cha Zip. Hapo ndipo Iomega walipotetemeka hasa, kwa sababu faida yao ilikuwa kwenye diski, si kwenye kifaa.

Matokeo? SyQuest walikuwa wanauza chini, lakini kutengeneza kwao hakukuwa chini. Mwaka wa fedha 1996 walipata hasara ya zaidi ya dola milioni 100, na Novemba 1998 wakaenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika. Iomega wakanunua mali zao. Nomai wakashtakiwa, halafu mwaka 1998 Iomega wakawanunua pia. Mpinzani wa bei chee alishindwa, kote kuwili.

Lakini waliobaki na hisa za Iomega hawakutajirika. Vifaa vikaanza kugonga "tik, tik" na kuua diski, jina likachafuka. Halafu zikaja CD za kuandika zilizouzwa kwa senti, na baada ya 2000 zikaja hizi flashi za kuchomeka. Hakuna aliyehitaji Zip tena. Mwaka 2008 kampuni ya EMC wakainunua Iomega kwa dola milioni 213. Kampuni ambayo soko liliwahi kuithamini kwa mabilioni!

Kwa hiyo mimi nauliza swali jingine. Huyo binti yetu wa Minnesota anatazama Wuhan. Je, kuna kitu kingine kinakuja cha kufanya flashi yenyewe isihitajike?

Mnara wa Saa

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Sikuwa naijua hiyo ya Nomai.

Kwa swali lako: kwa sasa hakuna ninachokiona cha kuiondoa flashi kama flashi ilivyoiondoa Zip. Ilibuniwa Toshiba na Fujio Masuoka na wenzake, aina hii ya NAND ikatangazwa 1987, na kila walipodhani imefika mwisho wakaanza kuipandisha kwa tabaka. Hofu yangu iko kwenye bei tu.

Na umegusa kitu nilichotaka kukisema. Mshindani anayeuza chini ya SanDisk ana njia mbili. Ama anatengeneza kwa gharama ndogo kuliko wao, ama kuna mtu anamlipia hasara. SyQuest hakuwa na hata moja, ndiyo maana alikufa. YMTC ana mtu wa kumlipia. Hapo ndipo hadithi ya Iomega inapoachana na ya SanDisk.

Mhasibu wa Njiro

Mleta uzi nimekuelewa, na dada yako amepata kaka makini. Niweke hesabu za watu mezani, kwa sababu naona kila mtu anamtazama Mchina wakati mauaji makubwa ya karibuni hayakuhitaji Mchina.

Mwaka wa fedha 2022 Micron waliuza bidhaa za dola bilioni 30.8. Mwaka uliofuata mauzo yakashuka mpaka bilioni 15.5, na wakapata hasara ya dola bilioni 5.8. Mwaka mmoja tu! Samsung, mkubwa kuliko wote, idara yake ya chipu ilipata hasara ya karibu won (fedha ya Korea) trilioni 15 mwaka 2023. YMTC alikuwa tayari amebanwa na vikwazo. Aliyewaumiza ni wao wenyewe. Wakati wa korona watu walinunua laptopu na simu kwa wingi, viwanda vikaongeza uzalishaji, halafu wanunuzi wakaacha kununua kwa sababu maghala yao yalikuwa yamejaa.

Sababu ya kushuka kwa namna hiyo ni kiwanda chenyewe. Kujenga kiwanda cha flashi ni mabilioni ya dola kabla hujauza chipu hata moja. Kikishajengwa, gharama ya kuendelea kuzalisha ni ndogo ukilinganisha na ile uliyokwisha kuizika. Kwa hiyo bei ikianguka, kila mmoja bado anaona afadhali aendelee kuzalisha apate chochote kuliko kuzima mashine. Wote wakifanya hivyo, bei inaanguka zaidi. Mpaka wakubaliane na ukweli wapunguze, miezi imekwenda na faida imeliwa.

Hapo ndipo YMTC anapoingia. Wengine wote wakipunguza uzalishaji ili bei ipone, huyu hana sababu ya kupunguza. Lengo lake ni China ijitosheleze, faida itakuja baadaye. Kila simu ya China inayowekwa chipu ya Wuhan ni simu ambayo zamani ilinunua kwa Samsung, Kioxia au SanDisk. Mzigo huo uliokosa mnunuzi China hautupwi. Unakuja kutafuta mnunuzi Ulaya na Marekani, mahali palepale SanDisk anapodhani amelindwa na ukuta wa Mangi Mtafiti. Ukuta unamzuia YMTC kuingia, lakini hauzuii chipu za Wakorea zilizofukuzwa China zisirudi huku.

Chalii wa Sakina

Dada Mhasibu umesema vizuri kuliko mimi, lakini tumefika palepale: auze. Angalieni vioo vya TV. Wakorea walikuwa wafalme. Viwanda vya China vikajengwa kwa msaada wa serikali, bei ikaporomoka, na mwaka 2022 Samsung Display wakaacha kabisa kutengeneza vioo vya LCD. Hawakuishiwa akili wala teknolojia. Walichoka kupigana na mtu asiyechoka.

Mangi Mtafiti

Na kwenye chipu kuna mfano wa zamani zaidi. Intel ilianza kama kampuni ya chipu za kumbukumbu. Wajapani wakaja na bei na ubora, na 1985 Intel wakaamua kuachana na DRAM (chipu za RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta), wakabaki na prosesa. Halafu Wajapani nao wakafanyiwa hivyohivyo na Wakorea. Elpida, ya mwisho ya Wajapani kwenye DRAM, ikafilisika Februari 2012, na 2013 ikawa mali ya Micron. Ujerumani kulikuwa na Qimonda, ikafilisika Januari 2009.

Lakini tazameni na upande wa pili. Waliovuka vipindi hivyo, Samsung, SK Hynix na Micron, wamebaki watatu wakubwa na wamevuna sana. Micron ni kampuni ya Idaho iliyoanzishwa 1978, imepigwa na Wajapani, imepigwa na Wakorea, na bado ipo. Aliyeuza hisa zake kila alipoogopa mshindani alikosa mengi.

Mzee wa Machame

Hapo umesema kweli kijana. Kuvuka ndiyo shughuli. Swali ni kama SanDisk ina mfuko wa kuvuka.

Mhasibu wa Njiro

Mzee, mfuko wake ni mdogo kuliko wa Samsung kwa mbali, na haina DRAM ya kuibeba flashi ikianguka, kama walivyo Micron na SK Hynix. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko Wuhan. Kwa upande wa pili, gharama za viwanda inagawana na Kioxia, na hilo linapunguza mzigo.

Fundi Kiboriloni

Na Seagate je? Mmemsahau, na dada ana hisa zake pia.

Mnara wa Saa

Asante fundi, nilikuwa nakuja hapo, na kwangu hili ndilo linalovutia zaidi.

Kwenye diski za kuzunguka hakuna mpinzani wa bei chee. Duniani wamebaki watatu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Seagate walinunua biashara ya diski ya Samsung 2011, Western Digital wakainunua kampuni ya diski ya HGST 2012. Hakuna mwenye akili timamu anayejenga kiwanda kipya cha diski leo kuanzia sifuri. Mafuriko ya Thailand ya Oktoba 2011 yalionyesha jinsi soko lilivyo jembamba. Viwanda vikazama, na bei za diski zikapanda dunia nzima. Wakongwe wa mtaa wetu bado wanausimulia msimu ule.

Na hawajalala. Januari 2024 Seagate walitangaza diski zinazotumia leza kupasha joto sehemu inayoandikwa, terabaiti 30 na zaidi kwenye diski moja. Vituo vya data vinazihitaji kwa sababu kwa kila terabaiti bado diski ni nafuu mara kadhaa kuliko SSD.

Sasa unganisheni. Kinachomlinda Seagate ni flashi kuwa ghali. Siku YMTC na wenzake wakizidisha mzigo mpaka flashi ikaribie bei ya diski, Seagate atapata mpinzani wa bei chee ambaye hatengenezi diski kabisa. Mzee wa Machame, hiyo ndiyo CD yako na Zip yako. Dada yangu anadhani amegawanya hela yake kwenye kampuni mbili tofauti. Zote mbili zinaangalia bei ileile: SanDisk inaumia mapema ikishuka kidogo, Seagate inaumia baadaye ikishuka sana.

Mhasibu wa Njiro

Hapo kwenye hela kugawanywa umenigusa. Naona watu wengi hapa mjini wana hisa za benki mbili za Dar wanasema wamegawanya.

Mwambie dada kila ripoti ya robo mwaka ikitoka aanze na vitu viwili kabla ya faida. Cha kwanza, mzigo uliolala ghalani. Ukianza kukua haraka kuliko mauzo, bei inaelekea kushuka hata kama faida ya robo ile imevunja rekodi. Cha pili, kila kampuni, si SanDisk tu, inapanga kutumia kiasi gani kujenga viwanda. Wote wakitangaza kujenga kwa pamoja kwa sababu bei ni nzuri, mzigo huo unakuja kumwagika sokoni baada ya mwaka mmoja au miwili. Taarifa za kuongeza viwanda kule Wuhan azihesabu kwenye hiyohiyo.

Asingoje habari ya kutangaza kwamba "Mchina amewashinda". Ikifika kwenye magazeti, hisa zitakuwa zimeshashuka.

Chalii wa Sakina

Bado nasema auze. Ila nimejifunza.

Mpiga Picha Meru

Mimi swali langu ni dogo: ninunue kadi sasa au nisubiri bei ishuke?

Mnara wa Saa

Kama una safari ya Julai nunua sasa kaka, watalii hawasubiri robo mwaka. Za akiba subiri.

Mrejesho kwa wote: nimeongea na dada jana, nimemsomea karibu uzi mzima. Ameamua kuuza sehemu ya SanDisk inayorudisha hela aliyoweka mwanzo, iliyobaki anaiacha, na Seagate hagusi kwa sasa. Hela iliyotoka anaiweka kwenye kitu kisichohusiana na chipu wala diski. Kaniuliza pia kuhusu Micron, kama akinunua kidogo kwa sababu ina DRAM. Mhasibu na Mangi Mtafiti, hilo nimewaachia nyie.

Mangi Mtafiti

Nipe jioni hii nipitie ripoti yao ya mwisho, nitaandika hapahapa.